Mtu Asiyeambilika

Katika kitabu cha kwanza cha Samweli yumo kijana wa kazi ambaye hakutajwa hata jina. Anamkimbilia Abigaili, mke wa tajiri Nabali, kumwambia kuwa nyumba iko hatarini. Daudi, wakati huo akiwa bado mkimbizi nyikani, alituma vijana kumi kuomba chakula siku za kukata kondoo manyoya, kwa kuwa watu wake walikuwa wamewalinda wachungaji wa Nabali usiku na mchana. Nabali akawatukana. Sasa Daudi anakuja na watu kama 400, kila mmoja na upanga wake kiunoni. Kijana anaeleza yote, halafu anatoa sababu ya kumletea mke habari hizo badala ya mume: bwana wake ni mtu ambaye hakuna awezaye kusema naye. Mtaani kwetu tungesema haambiliki.

Nabali hakuwa mjinga wa mambo. Alikuwa na kondoo 3,000 na mbuzi 1,000, na mali ya namna hiyo haikai mikononi mwa mtu asiyejua hesabu, malisho na bei. Hata siasa za nchi alizifuatilia. Alimtaja Daudi kwa jina la baba yake, na kile kijembe alichowapa wale vijana, kwamba siku hizi watumishi wengi wanawatoroka mabwana zao, kinaonyesha alikuwa na habari za ugomvi wa Daudi na mfalme Sauli. Habari alikuwa nazo tele. Neno la mtu mwingine ndilo lililokosa pa kuingilia.

Tumezoea kusema kwamba maarifa ni kujua, na hekima ni kujua namna ya kutumia unachokijua. Maelezo hayo yananiacha na njaa. Kwa kipimo hicho mwizi hodari wa kufungua kufuli, anayeutumia ujuzi wake kwa wakati wake na mahali pake, naye ni mwenye hekima. Yakobo katika waraka wake anapotaja sifa za hekima ishukayo kutoka juu, elimu haimo, ufasaha haumo. Anataja usafi wa moyo, amani, upole, rehema, kutopendelea na kutokuwa na unafiki, na katikati ya hizo anaweka utayari wa kusikiliza wengine. Sifa hiyo tunaipita haraka kanisani kwa sababu inaonekana ndogo. Mimi naanza kuamini kwamba ndiyo inayotenganisha. Mtu aweza kuwa na maarifa mengi bila kuambilika hata kidogo, lakini hekima ya Mungu ikimkaa mtu, huambilika.

Tazama alivyofanya Abigaili. Hakuitisha kikao. Alipakia punda mikate 200, viriba viwili vya divai, kondoo watano waliokwisha kuandaliwa, nafaka za kukaanga, vishada 100 vya zabibu kavu na mikate 200 ya tini, akawatanguliza watumishi, naye akafuata. Alipomwona Daudi alishuka akainama, na neno lake la kwanza likawa kwamba lawama ziwe juu yake. Yeye, ambaye hakuwa hata na habari wakati vijana wanatukanwa! Kisha akamwonyesha Daudi siku ambayo bado haijafika: siku atakapokuwa mtawala wa Israeli, na damu aliyoimwaga kwa hasira itakapokuwa inamsuta. Daudi alikuwa ameshakula kiapo, na watu 400 walikuwa wanamtazama. Si rahisi mwanamume wa vita, mbele ya jeshi lake, kugeuza njia kwa ajili ya maneno ya mwanamke aliyekutana naye mlimani. Akageuza. Akamshukuru Mungu, akamshukuru na yeye.

Ila kipande ninachokipenda kuliko vyote ni cha usiku ule. Abigaili anarudi nyumbani na kumkuta mumewe kwenye karamu kama ya mfalme, amelewa chakari. Ana habari nzito, ya kweli, inayomhusu huyo mlevi kuliko mtu yeyote. Hamwambii neno, dogo wala kubwa, mpaka asubuhi divai ilipomtoka. Wangapi tungeweza kulala na habari kama ile kifuani? Katika zama hizi za simu mkononi, ukweli wowote tunaoupata tunauona una haki ya kusemwa dakika hiyohiyo, kwa mtu yeyote, katika hali yoyote aliyo nayo.

Mimi nimekulia Nachingwea, na wazee wa utotoni mwangu walikuwa na hadithi moja wasiyoichoka, ya reli iliyotoka Mtwara kuja kwetu kuchukua karanga, ikaja kung'olewa kwa kukosa cha kubeba. Baadaye nilikuja kusoma habari yenyewe. Baada ya Vita Kuu ya Pili Uingereza ilikuwa na uhaba mkubwa wa mafuta ya kula. Mwaka 1946 ujumbe mdogo wa wataalamu, ukiongozwa na John Wakefield, aliyewahi kuwa mkurugenzi wa kilimo wa Tanganyika, ulizunguka kwa wiki tisa na kurudi na pendekezo la kulima karanga kwenye eka zaidi ya milioni tatu. Kongwa, Urambo na Nachingwea ndizo sehemu zilizochaguliwa hapa kwetu. Mwaka 1947 kazi ilikuwa imeshaanza Kongwa, kwa kasi ya kijeshi, bila kwanza kufanya majaribio ya maana kwenye udongo ule. Mibuyu ikagoma kung'oka. Matrekta yaliyookotezwa kutoka masalia ya vita yakafa moja baada ya jingine. Mvua ikakata, na ardhi yenye mfinyanzi ikakauka na kuwa ngumu kiasi kwamba karanga zilizokomaa hazikuchimbika. Mwanzoni mwa 1951 mradi ulifutwa, na pauni kama milioni 36 zilikuwa zimekwenda.

Sasa, wale hawakuwa watu wasiosoma, na Wakefield nchi aliijua. Lakini Kongwa ni Ugogo, na Wagogo walikuwa bado wanaikumbuka Mtunya, njaa iliyowaua watu wengi mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza na baada yake. Uwele na mtama waliolima, na ng'ombe waliowagawa kwa jamaa na marafiki wa mbali ili ukame wa mahali pamoja usimalize zizi zima, vilikuwa jibu la watu waliokwisha kujua kwamba mvua ya pale haiaminiki. Wa kuwauliza walikuwapo. Ila mpango ulikuwa umeshapangiwa tarehe, na tarehe haiambiliki.

Sina subira na wahubiri wanaoigeuza habari kama hii kuwa kesi dhidi ya shule. Katika kitabu cha Kutoka, Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu ili ajue kufua dhahabu na shaba, kukata vito na kuchonga mbao. Ufundi mtupu, na Mungu ndiye aliyeutoa. Danieli alisomea elimu ya Wakaldayo miaka mitatu na hakuna aliyemlaumu. Na wasomaji wangu Waislamu wanakijua kisa cha Surat al-Kahf, Nabii Musa alipofunga safari mpaka zinapokutana bahari mbili ili ajifunze kwa mja ambaye mapokeo yanamwita Khidhri. Hadithi ya Mtume inaeleza chanzo: Musa aliulizwa nani mjuzi kuliko watu wote, akajitaja mwenyewe. Mambo yote ya safari ile, mashua inayotobolewa na ukuta unaojengwa bila ujira, yanaanzia pale mjuzi alipokubali kurudi kuwa mwanafunzi, tena mwanafunzi anayekatazwa kuuliza maswali.

Anayenitisha ni Sulemani. Kule Gibeoni hakuomba umri mrefu, wala mali, wala roho za adui zake. Aliomba moyo wa kuwaamua watu. Na kesi ya kwanza tunayosimuliwa ni ya makahaba wawili na mtoto mchanga, kesi isiyo na shahidi wala mwenye heshima ndani yake, na mfalme akaisikiliza mpaka mwisho. Akapewa na maarifa juu yake: mithali 3,000, nyimbo 1,005, habari za miti kuanzia mierezi ya Lebanoni mpaka hisopo inayoota ukutani, wanyama, ndege, watambaao na samaki. Leo vyuo vikuu vingemgombania. Kisha akajenga hekalu kwa miaka saba na nyumba yake mwenyewe kwa miaka 13. Akawa na wake 700 na masuria 300, na moyo wake ukageuzwa. Hakuna mahali tunapoambiwa kwamba alisahau majina ya miti. Maarifa yalibaki palepale, hata wakati watu walipokuwa wanaugua chini ya kazi za shokoa.

Tunajua waliugua kwa sababu, alipokufa tu, walimwendea mwanawe Rehoboamu kule Shekemu kumwomba aipunguze nira ya baba yake. Najiuliza kwa nini hawakumpelekea Sulemani mwenyewe ombi hilo, yeye aliyewasikiliza wale makahaba. Rehoboamu aliomba siku tatu. Akawauliza wazee, wakamshauri awe mtumishi wa watu na awajibu kwa upole. Akawauliza vijana wenzake, wakamshauri aongeze uzito. Akafuata la vijana, na makabila kumi yakaondoka.

Hapo ndipo fikra zangu zilipokwama kidogo, maana Rehoboamu naye aliambilika, ila na wasiofaa. Na sura moja tu mbele kuna kisa kigumu zaidi, cha nabii wa Yuda aliyeamriwa na Mungu asile wala kunywa kule Betheli. Nabii mzee wa mji ule akamdanganya kwamba malaika amesema naye, akamrudisha nyumbani kwake kula, na njiani simba akamuua yule mgeni. Aliambilika, akafa. Kwa hiyo lazima kuna namna ya kulipima neno kabla ya kulifuata, na sioni kipimo kizuri kuliko alichokitumia Abigaili bila kukitaja: anayesema analipa nini? Yeye alisema lawama ziwe juu yake. Vijana wa Rehoboamu walishauri mzigo utakaobebwa na shingo za wengine. Nabii mzee alilia sana msibani, hata akatoa kaburi lake mwenyewe, lakini uhai uliopotea haukuwa wake.

Ndiyo maana siku hizi nikisikia mtu akianza na "Mungu ameniambia", nasubiri nione kama atakubali swali. Wapo wanaolitumia jina la Mungu kama komeo. Msituni Shakahola, kaunti ya Kilifi, kuanzia Aprili 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400 ya watu, watoto wakiwamo, katika mkasa wa waumini walioacha kula wakiamini wanakwenda kukutana na Mungu. Nani alifanya nini ni kazi ya mahakama kuamua, si yangu. Ninachokisema ni kwamba imani inayoogopa jirani asiulize habari za mtoto anayekonda, hata ikiwa na aya kwa kila jambo, Yakobo asingeitambua.

Mwaka jana ukoo wetu ulikaa kikao juu ya shamba la mikorosho aliloliacha babu. Mpwa wangu, aliyesomea sheria, alikuja na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na kutusomea kifungu kinachobatilisha mila yoyote inayomnyima mwanamke haki yake ya ardhi. Alikuwa sahihi toka neno la kwanza hadi la mwisho, na bila yeye shangazi angetoka mikono mitupu, maana ndivyo ilivyokuwa imeshapangwa chinichini. Lakini alisoma kama anayetangaza matokeo ya mtihani ambao wakubwa wameshindwa, na baba mdogo akainuka, akatoka nje akasimama chini ya mwembe, na hakuna aliyeweza kumrudisha.

Shangazi akasema tule kwanza. Tulipomaliza kunawa alimgeukia mpwa wangu: "Ahsante mjukuu wangu kwa kunisomea. Jina langu liandikwe, haki ni haki. Ila mimi nitapimiwa mwisho." Na ile mikorosho ya barabarani, ambayo kila mmoja wetu alikuwa na jicho nayo, yeye akiwemo, akasema wapewe kwanza watoto wa marehemu kaka yake, kwa sababu hawakuwa na mtu wa kuwasemea kwenye kikao kile. Baba mdogo alikuwa ameshaingia, sijui saa ngapi. Mpwa wangu akafunga kitabu chake cha sheria, akamwomba bibi yake wakatembee ili amwonyeshe mipaka ya zamani.

Upande wa mtoni bado hatujaelewana. Baba mdogo anasema mpaka ni msufi, shangazi anasema msufi ule ulipandwa babu ameshakufa. Kikao kingine kimewekwa baada ya msimu wa korosho, na baba mdogo mwenyewe ndiye aliyepiga simu kumwambia kijana asikose kuja, na aje na kile kitabu chake.