Panga Tisa Ukutani

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Samweli 28:3–25, Zaburi 77, Isaya 28:20, 47:13, 14, Mathayo 6:25–34, Marko 14:32–42.

Mtu ameketi kitandani usiku wa manane, uso ameufunika kwa viganja vyote viwili. Ukuta wa nyuma yake ni mweusi, nao una panga tisa zilizolazwa moja juu ya nyingine. Mfarishi uliomfunika miguu umepambwa kwa maua ya waridi na alama za wanajimu. Ubavuni mwa kitanda wamechongwa watu wawili wakipigana, na mmoja wao amezidiwa. Hii ndiyo Tisa ya Panga, mojawapo ya karata 78 za taroti. Wanaoagulia kwa karata hizo huisoma kuwa karata ya hofu, majuto na kukosa usingizi.

Picha hiyo ilichorwa na Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya Arthur Edward Waite, ikachapishwa London mwaka 1909. Karata zenyewe ni za zamani zaidi. Zilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, zikiwa za mchezo tu. Hata mchezaji wa karata anayesema “shupaza” kwa Kiswahili anatamka, bila kujua, neno la Kireno lenye maana ya panga. Ilikuwa mwaka 1781 ndipo Antoine Court de Gébelin, mwandishi wa Ufaransa, alipodai kwamba taroti imeficha hekima ya makuhani wa Misri. Alidai hivyo miaka 41 kabla Champollion hajatangaza jinsi ya kuyasoma maandishi ya kale ya Misri. Dai halikuwa na msingi, lakini tangu hapo kitu cha mchezo kikazidi kugeuzwa kuwa chombo cha uaguzi.

Picha inaposema kweli

Chukua mfano wa mama mmoja, mshiriki mwaminifu, anayesubiri majibu ya kipimo cha hospitali. Usiku wa tatu bila usingizi anashika simu yake, na humo anakutana na karata hii. Anashtuka. Ni yeye kabisa: kitanda, giza, viganja usoni. Chini ya picha pameandikwa kwamba akitaka kujua yatakayompata, afunue karata nyingine.

Ni rahisi darasa kusema upesi kwamba jambo hilo limekatazwa, kisha likaendelea na swali linalofuata. Ni kweli limekatazwa; Kumbukumbu la Torati 18:10–14 haliachi shaka. Lakini mama huyo anastahili jibu pana zaidi. Kama picha imemweleza sawasawa, kosa liko wapi?

Jambo la kwanza ni kukubali kwamba uchungu uliochorwa pale ni wa kweli. Waite alimweleza mtu wa kitandani kuwa kama asiyejua huzuni yoyote inayolingana na yake. Msomaji wa Biblia ataikumbuka mara moja Maombolezo 1:12, ambapo Yerusalemu uliobomolewa unauliza jambo lilo hilo. Biblia haikuona haya kuuandika uchungu huo. Daudi alilowesha kitanda chake kwa machozi (Zaburi 6:6), na Ayubu alihesabu saa hadi alfajiri (Ayubu 7:4).

Jambo la pili ni kutofautisha kuutambua uchungu na kuitawala kesho. Kioo chaweza kuonyesha jeraha, lakini hakiwezi kulifunga. Tena, karata huchanganywa na kufunuliwa kwa bahati. Mwenye hofu atajiona ndani ya karata yoyote itakayotokea, kwa sababu hofu yake ndiyo inayoisoma. Na akiisha kufunua moja, atataka ya pili imfafanulie ya kwanza. Hata ule mfarishi una funzo. Umejaa alama za nyota, lakini aliyejifunika hapati usingizi. Isaya alizungumza juu ya kitanda kisichotosha kujinyosha na nguo isiyotosha kujifunika (Isaya 28:20), na akasema kwamba kwa wanajimu wa Babeli hapatakuwa na kaa la kuota moto (47:14).

Sauli alipewa jibu

Soma 1 Samweli 28:3–25. Sauli alitaka nini kule Endori, naye alipata nini?

Wengi hudhani kwamba dawa ya wasiwasi ni kujua yajayo. Sauli alidhani hivyo. Alijigeuza sura, akaenda usiku, akaomba aambiwe. Wafu hawajui neno lolote (Mhubiri 9:5), kwa hiyo sauti aliyoisikia haikuwa ya nabii wa Bwana. Hata hivyo ilimwambia habari za kesho, tena kwa siku na kwa watu watakaokufa. Matokeo yake ni nini? Alianguka chini kwa urefu wake wote, na nguvu zikamwishia. Jibu lilikuja, lakini amani haikuja. Siku ya vita aliuangukia upanga wake mwenyewe (1 Samweli 31:4). Kuijua kesho hakukumwepusha na upanga wala hakukumpa moyo wa kuikabili.

Hapa ndipo sababu ya katazo inapoonekana. Mungu hamwonei mwanadamu wivu wa habari. Ila yule ambaye mtu amemkabidhi kesho yake, huyo ndiye atakayemtawala leo.

Asafu alitazama nyuma

Zaburi 77 pia ni ya mtu asiyelala. Asafu anasema kwamba nafsi yake imekataa kufarijiwa na kwamba Mungu mwenyewe amezizuia kope zake zisifumbe. Katika fungu la 7 hadi la 9 anauliza maswali sita mfululizo, yote yakiwa juu ya kesho: je, ndiyo itakuwa hivi milele? Hakuna hata moja linalojibiwa. Lakini kuanzia fungu la 10 anageuka. Anaacha kuipekua kesho, anaanza kuyakumbuka yaliyokwisha kutendwa: bahari iliyofunguka, watu waliovushwa, Mungu ambaye nyayo zake hazikuonekana majini na bado aliongoza.

Tofauti iko hapo. Karata huahidi kuyafunua yasiyojulikana. Imani hushika yanayojulikana, na kuyaacha yasiyojulikana mikononi mwa Yule aliyejulikana. Zaburi haisemi kama Asafu alipata usingizi usiku ule. Inasema tu alikuwa anazungumza na nani.

Yeye aliyejua yote

Kama kujua kungetosha kuondoa hofu, Yesu angeingia Gethsemane bila uchungu. Alikwisha kuwaeleza wanafunzi yote yatakayompata (Marko 10:33, 34). Hata hivyo alifadhaika sana. Hakuhitaji habari zaidi. Alimhitaji Baba yake, na aliwaomba rafiki watatu wakeshe pamoja naye. Nao wakalala.

Ndiyo maana Mathayo 6:34 hakuahidi kesho isiyo na taabu. Fungu hilo linakiri kwamba kila siku ina ya kwake. Linachomwondolea mtu ni mzigo wa kuzibeba siku zote kwa usiku mmoja.

Nani atakesha?

Kuna jambo la kuhuzunisha katika habari ya Endori. Aliyeona kwamba Sauli hajala mchana kutwa na usiku kucha, akamchinjia ndama na kumwokea mkate, alikuwa yule mwanamke mwaguzi. Watu wenye hofu huenda wanakosikilizwa. Yule mama akileta kilio chake darasani na kuambiwa kwamba imani yake ni haba, atarudi kwenye simu, maana simu haimlaumu.

Eliya alipoomba kufa, malaika alimpa kwanza mkate, maji na usingizi (1 Wafalme 19:5–8). Mazungumzo yalifuata baadaye. Kanisa lina kazi hiyo hiyo. Hofu inayomnyima mtu usingizi kwa majuma mengi yaweza kuwa ugonjwa, na kumwona daktari si kumkana Mungu. Na siku ya kwenda kuchukua majibu, mshiriki mmoja anaweza kuketi na mama huyo kwenye benchi la hospitali. Hatajua majibu yatasema nini. Lakini hataweza kuambiwa kwamba alilala.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini jibu alilopewa Sauli lilimwongezea hofu? Kuna habari gani ambazo watu hutafuta leo kwa ramli, nyota au karata, na wanatumaini zitawapa nini?

2. Wengine husema kwamba hutazama karata ili wajielewe tu, si kuagua. Mngemjibuje mtu huyo bila kumdharau?

3. Orodhesheni matendo ya Mungu ambayo darasa lenu limeyashuhudia kwa macho. Yanamsaidiaje mtu ambaye maswali yake bado hayajajibiwa?

4. Katika darasa lenu, ni nani asiyelala juma hili? Nani atakwenda kwake, na lini?