Pole au Samahani?

Jumapili ya tarehe 25 Mei 2025 nilikuwa nimekodolea simu macho, nikifuatilia mbio za MotoGP kutoka Silverstone, Uingereza. Mbele kabisa alikuwa Fabio Quartararo, Mfaransa wa Yamaha, bingwa wa dunia wa mwaka 2021. Tangu Juni 2022 hakuwa ameshinda mbio hata moja. Siku hiyo alikuwa amewaacha wenzake kwa karibu sekunde 5, na katika mchezo ambao watu hupitana kwa nusu sekunde, hizo ni nyingi, bana.

Halafu pikipiki ikakataa kuinuka. Pikipiki hizi zina kifaa kinachoshusha sehemu ya nyuma zinapotoka kwenye kona, ili gurudumu la mbele lisinyanyuke mwendeshaji anapovuta mafuta. Akishika breki, kifaa kinatakiwa kuachia ili pikipiki irudi juu. Chake kilikwama. Pikipiki iliyobonyea hivyo haikubali kukata kona vizuri. Ikabidi aache mbio, na akalia. Ushindi ukaenda kwa Marco Bezzecchi wa Aprilia.

Kilichonichoma zaidi ni hiki. Mapema siku hiyo hiyo, ndugu wawili, Alex na Marc Márquez, walikuwa wameanguka wenyewe mwanzoni mwa mbio. Mbio zikasimamishwa kwa sababu ya oili iliyomwagika barabarani, zikaanzishwa upya, nao wakaruhusiwa kurudi. Marc akamaliza wa tatu. Walioteleza wakapata nafasi ya pili, na asiyeteleza akaangushwa na chuma.

Lakini mimi sikumfikiria mwendeshaji kwa muda mrefu. Nilimfikiria fundi aliyekifunga kile kifaa. Tuseme alifanya kila kitu sawasawa. Akimwona Quartararo anarudi na macho mekundu, amwambie nini?

Mwanafalsafa Mwingereza Bernard Williams, katika makala yake ya mwaka 1976 kuhusu bahati na maadili, alitoa mfano wa dereva wa lori anayemgonga mtoto bila kosa lolote. Tutamwambia hana hatia, na tutakuwa tunasema kweli. Hata hivyo tungemshangaa kama angejisikia sawa na mpita njia aliyeshuhudia tu. Kiswahili kinatuuliza swali hilo kila siku. Ukimkuta mtu amejikwaa unamwambia pole, ingawa si wewe uliyeweka jiwe. Ukimkanyaga unasema samahani. Sasa yule ambaye mkono wake ulikuwepo, lakini haukukosea, achukue neno gani?

Najua swali hili kwa sababu liliwahi kunikuta. Baada ya kumaliza Form Four nilifanya kazi kwenye gereji ya mjomba, kando ya barabara, tukitengeneza boda boda. Siku moja nilimfungia mteja wetu cheni mpya. Mjomba alikuja akaikagua, akaizungusha tairi, akasema iko sawa. Wiki moja baadaye cheni ilikatika akiwa anapanda mlima na mzigo. Alianguka, akavunjika mfupa wa bega.

Nilienda kumwona nyumbani kwake nikiwa na mkate na maziwa. Njia nzima nilikuwa nikibishana na nafsi yangu. Nikisema samahani, nitakuwa nimekiri kosa ambalo sijui kama nililifanya. Nikisema pole, nitakuwa nimejiweka pamoja na majirani waliokuja kumjulia hali. Nilipofika nikasema pole.

Akaitikia asante. Kisha akaniuliza, bila hasira, "Kijana wangu, ilikatikia wapi? Kwenye kiungo kile ulichofunga, ama kwingine?"

Sikuwa na jibu. Pikipiki ilikuwa imeletwa gereji siku nne nzima, na ile cheni ilikuwa kwenye karai la vyuma chakavu, hatua tatu kutoka nilipokuwa nakaa. Sikuwahi kuinama kuiangalia. Nilijiambia sina muda. Ukweli ni kwamba niliogopa.

Ndiyo maana siku hizi sitafuti tena neno sahihi kati ya yale mawili. Cheni kukatika huenda ilikuwa bahati mbaya tu. Chuma huchoka, na hata mafundi wenye vipimo vya kila aina hushtukizwa na kitu kidogo mbele ya dunia nzima. Ila wao wana jambo moja ambalo mimi sikulifanya: kitu kikishindikana, hufunguliwa hadi ijulikane ni wapi. Yule mzee alikuwa na haki ya kupata pole yangu. Alikuwa na haki pia ya kupata jibu, hata kama jibu lenyewe lingekuwa mimi.

Niliporudi gereji jioni ile, karai lilikuwa tupu. Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuwa ameshapita.