Mchepuo wa Mtoto Wako

Hapa Juba watoto wetu wakimaliza kidato cha pili huchagua mchepuo wa sayansi au wa sanaa. Sisi wazazi tuliokimbia vita twataka wote wawe madaktari, maana tumeona wagonjwa wakikosa tiba. Ni haki. Lakini Luka alikuwa tabibu, Paulo akashona mahema, na katika Kutoka 31 Besaleli alijazwa Roho wa Mungu ili achonge mbao. Basi binti akitaka ualimu, asiitwe mvivu. Tuketi naye, tutazame alama zake, tuombe pamoja. Tena tusiseme vita vimemchelewesha: Chuo Kikuu cha Juba, kilichoanzishwa 1975, nacho kilihamishiwa Khartoum mwaka 1989, kikarudi, na kinapokea wa michepuo yote miwili.