Nyuma ya Shabaha Kuna Nani?

Mwaka jana niliporwa simu usiku nikirudi nyumbani Bula Pesa. Vijana wawili, kisu kimoja. Simu haikuniuma sana. Kilichoniuma ni vile niliitoa haraka, hata kabla hawajamaliza kuniamrisha. Wiki nzima nikawa nasoma mambo ya bastola: ipi inamfaa anayeanza, ipi hairuki sana mkononi, unasimamaje, unashusha pumzi lini.

Nikamwendea mjomba, polisi wa akiba upande wa Kinna. Bunduki yake ni ya serikali, ya kulinda mifugo. "Mjomba, ya kwanza nichague gani?"

Hakujibu. Alinipa masharti. Kila bunduki ihesabu ina risasi. Usielekeze mtutu kwa kitu usichotaka kukiua. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka uwe umeamua. La nne akaliuliza: "Nyuma ya shabaha kuna nini?"

Nikasema, ukuta. Akacheka. "Huku kwetu, mwanangu, nyuma ya mwizi wa ng'ombe kuna ndugu yake. Ukimpiga huyu leo, yule anakuja kesho."

Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka anayeomba cheti awe na sababu nzuri, na asiwe hatari kwa usalama wa umma. Basi nikachukua karatasi niandike sababu yangu. Ya kweli ilikuwa moja tu: nilitaka wale vijana waogope kama nilivyoogopa mimi. Hiyo si kujilinda. Hilo ni deni.

Utaniambia ni rahisi kusema hivyo ukiwa mjini, huna hata mbuzi. Ni kweli. Mfugaji aliye mbali na kituo hawezi kungoja gari la polisi lifike. Sitamwambia mjomba arudishe bunduki. Lakini yeye, pamoja na ustadi wake wote, bado hujiuliza lile swali kila mara. Mimi nilitaka ustadi ndio nisijiulize tena. Mkono uliotulia haukuambii kama anayelengwa anastahili risasi.

Sijaomba cheti. Napita njia ileile, na bado naogopa.

Juzi nilimwona mmoja wao sokoni. Alikuwa anamsukumia mama mmoja mkokoteni wa vitunguu, na mama anamgombeza kama mtoto wake. Sikumsalimia, wala sikuita mtu. Nilisimama tu pale, nikimtazama yule mama.