Mkono na Wazo

Katika karne ya 19 nguo ilikuwa fedha ya njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba merikani na kaniki mabegani. Kwazo hongo ililipwa na chakula kilinunuliwa. Tabora yenyewe haikuwa ngeni kwa kazi ya nguo: Burton, aliyefika mwaka 1857, aliwakuta Wanyamwezi wakifuma pamba.

Lakini merikani ilikuwa tupu kama karatasi isiyoandikwa. Mwishoni mwa karne hiyo watu wa Unguja na mwambao waliipiga chapa kwa vibao vya mti vilivyochongwa, na kanga za kale zikapata mapambo. Kilichokuwa kipimo cha mali kikawa kauli ya mvaaji. Hapo ndipo lilipo swali: mwalimu wa kazi hii ampe mwanafunzi nini kwanza, utii wa mkono au uhuru wa wazo?

Wako wasemao kuwa ufundi utangulie. Hoja yao ina nguvu. Kila rangi ina kibao chake. Kibao cha pili kikikosa mahali pake kwa unene wa ukucha, ua huharibika. Rangi isiyoshikizwa vema hutoka katika maji ya kwanza, na mwanamke aliyenunua nguo hiyo kwa jasho lake amedhulumiwa. Uzuri wa wazo haumlipi hasara yake.

Wako pia waogopao kuwa mwanafunzi aliyeiga miaka mingi hatakuwa na lake la kusema. Hofu hiyo si bure. Mpagazi alibeba mzigo uliofungwa na wengine. Mchapaji hafai kuwa mpagazi wa mawazo ya watu. Tena, mkono uliozoea kutii tu hushindwa na mashine, maana mashine hutii zaidi wala haichoki. Kiwanda cha Urafiki, kilichofunguliwa Dar es Salaam mwaka 1968, kilichapa nguo kwa wingi usioweza kufikiwa na kibao.

Kanga yenyewe yatoa hukumu. Ina pindo, ina mji, ina jina. Mipaka hiyo yadumu, lakini ndani yake mapambo hayajaisha kwa miaka zaidi ya 100. Basi mwalimu mwema hatengi miaka ya kutii na miaka ya kubuni. Tangu siku ya kwanza humpa mwanafunzi mpaka pamoja na sababu yake, kisha humwachia mji aujaze mwenyewe. Akikosea, nguo hufuliwa mbele yake, maji yakamfunza. Ajuaye sababu ya kanuni hutii bila kuwa mtumwa, na hubuni bila kumdhulumu mtu.