Kurudia Somo: kwa Elimu au kwa Sifa?

Katika vyuo vingi vya Marekani, mwanafunzi aliyepata alama ndogo aweza kulirudia somo lile lile. Je, yafaa arudie? Kwanza ajiulize anatafuta nini. Anayetaka kuwa mganga, naye hakuielewa kemia, na arudie. Maana mgonjwa haponywi kwa alama, bali kwa ujuzi. Lakini asidhani alama ya kwanza imefutwa: aombapo kuingia shule ya waganga, zote mbili huhesabiwa. Naye aliyekwisha kuelewa, akirudia ili asifiwe tu, apoteza fedha za wazazi, na kumchelewesha mdogo wake anayengojea karo. Basi mwenye busara hupima haja kwanza, ndipo arudi darasani bila haya.