Jina Lililo Chini ya Bakuli

Kuna watu huko Ulaya na Marekani wanaokusanya vyombo vya kioo vya zamani: mabakuli, bilauri na vyombo vya maua, vya kijani, vya buluu, vya rangi ya waridi. Wakikiona kimoja sokoni, swali lao la kwanza ni hili: nani alikitengeneza? Utasema hilo ni swali la watu wenye pesa na muda wa kupoteza. Mimi nasema ni swali letu pia, sisi tunaoishi kambini, na la wenzetu wanaofanya kazi hapa.

Kwanza tuone wanavyotafuta jibu. Wanageuza chombo juu chini. Kitakoni wakikuta kovu la mviringo, wanajua huenda kilipulizwa kwa mdomo, na kovu ni pale kilipobanduliwa kutoka kwenye fimbo ya chuma ya fundi. Wakiona mshono mwembamba unaopanda ubavuni, wanajua kalibu ilitumika. Halafu wanatafuta alama ya kiwanda.

Lakini alama peke yake haitoshi. Chukua kiwanda cha Heisey cha Newark, Ohio. Alama yake ilikuwa herufi H ndani ya umbo la uru, kama lile la kwenye karata. Kilifungwa mwaka 1957. Mwaka uliofuata kiwanda kingine, Imperial, kikanunua kalibu zake na kuendelea kumwaga kioo humohumo, vyombo vingine vikatoka bado vina ile H. Kwa hiyo unaweza kushika bakuli lenye jina la Heisey ambalo Heisey hakuligusa kabisa. Hapo wajuzi huangalia rangi, maana Imperial alitumia rangi ambazo Heisey hakuwa nazo.

Na rangi ndiyo inayotuleta nyumbani. Kuna kioo cha kijani chenye unjano ndani yake. Ukikimulika kwa taa ya urujuanimno, ile ya zambarau ambayo wabadilisha fedha hukagulia noti bandia, kinawaka kijani kikali kama macho ya paka usiku. Maana yake ndani mna urani. Kioo hiki kilipata sifa kubwa huko Bohemia, sehemu ya Cheki ya leo, katika miaka ya 1830. Familia ya Riedel, wenye viwanda, waliziita rangi zao Annagelb na Annagrün, yaani njano ya Anna na kijani cha Anna, kwa heshima ya Anna Maria wa familia hiyo.

Baadaye, mwaka 1915, madini ya urani yaligunduliwa Shinkolobwe, karibu na Likasi, Katanga. Uchimbaji ulianza 1921, chini ya kampuni ya Union Minière. Mawe yalisafirishwa hadi Olen, Ubelgiji. Kilichotafutwa wakati ule kilikuwa radiamu, iliyokuwa ghali kupita kiasi. Urani ilikuwa kama makapi tu, na kazi yake mojawapo ilikuwa kutia rangi vyombo vya udongo na vya kioo. Ilipofika vita ndipo dunia ikajua makapi yale yanaweza kufanya nini: urani ya Shinkolobwe ilitumika katika mabomu ya atomiki ya mwaka 1945.

Sasa narudi kwenye swali. Nani alitengeneza bakuli la kijani? Familia ya mwenye kiwanda imo hata kwenye jina la rangi. Aliyepuliza hayumo. Aliyechimba hayumo.

Mtu atanijibu: ndugu, mchimbaji si mtengenezaji. Aliyelima mahindi hakupika ugali. Ni kweli, nakubali. Lakini basi mwenye kiwanda naye hakupika. Yeye alikuwa na jiko. Kama tunakubali kuweka jina la mtu ambaye mkono wake haukushika kioo cha moto, hatuwezi tena kusema kwamba majina ya wengine yameachwa kwa sababu hawakukigusa. Yameachwa kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuyaandika. Hiyo ni sababu tofauti kabisa, na hapo ndipo penye kosa la kimaadili.

Tahadhari moja. Haki haihitaji uongo. Mkongomani akiona kila bakuli la kijani na kusema "hili limetoka kwetu", anakosea, maana Bohemia walikuwa na migodi yao, na vyombo vingi vilitengenezwa kabla hata Shinkolobwe haijajulikana. Mjuzi mwaminifu akikosa uhakika huandika "yadhaniwa ni ya fulani". Sisi nasi tuseme hivyohivyo: katika baadhi ya vyombo vya baada ya 1921, huenda mna jasho la Katanga. Neno "huenda" halitupunguzii heshima. Linatufanya tuaminike.

Haya yanahusu nini kambini? Yanahusu ule mkoba wa kitenge na kile kikapu kinachouzwa nje kikiwa na karatasi iliyoandikwa "kimetengenezwa na wakimbizi". Nia ni njema, najua. Lakini mkimbizi si fundi, mkimbizi ni hali. Hali haishoni. Aliyeshona ni mama fulani mwenye jina, aliyejifunza kwa shangazi yake, na ana namna yake ya kukunja pindo ambayo wenzake wanaitambua hata gizani. Zoezi la uhakiki likifika, jina lake linaandikwa mara tatu, na vidole vyote vinapigwa alama. Kumbe tunajua kuandika majina! Tunayaandika tukitaka kumhesabu, tunayasahau tukiuza kazi yake.

Wapo wasiotaka jina lao litoke, na wana sababu zao. Wengine bado wanatafutwa na watu waliowakimbia. Kwa hiyo sisemi kila mkoba uwekwe jina kwa lazima. Kumnyima mtu jina na kumtangaza bila ridhaa ni ndugu wawili, maana wote wanaamua bila yeye. Nasema aulizwe: "Mama, tuandike nini hapa?" Achague jina lake, au la ukoo, au alama tu anayoijua mwenyewe, au pasiandikwe kitu.

Swali hilo linachukua dakika moja, na karatasi ni ileile. Miaka 80 ijayo mtu akiugeuza mkoba ule atafute aliyeushona, asikute neno "wakimbizi" peke yake, kama vile hali ndiyo iliyoshika sindano.